Chungu cha Siki cha Bibi Kwok

Kabla ya kuondoka Bomet, Chepngetich alikuwa amekula kila kilichowahi kuwekwa mbele yake isipokuwa nguruwe. Nguruwe hakuwahi kumgusa hata kwa kidole. Baba yake alikuwa mzee wa kanisa la Kisabato, na nyumbani kwao jina la mnyama huyo lilitajwa kwa kushusha sauti, kama vile watu wanavyotaja ugonjwa wa aibu. Kwa hiyo asubuhi ile ya baridi, katika jiko moja la Quakers Hill, kitongoji cha Sydney, alipokabidhiwa beseni la miguu ya nguruwe pamoja na kikoleo kidogo cha kunyonyolea nyusi, alihisi chai aliyokunywa ikimpanda kooni.

"Hapa," Bibi Kwok alimwambia, akigonga mguu mmoja kwa ukucha. "Na hapa, katikati ya kwato. Macho yangu hayaoni tena."

Chepngetich aliinama juu ya beseni. Ile ngozi ilikuwa nyeupe, yenye vinyweleo vigumu kama ndevu za mwanamume ambaye hajanyoa siku mbili. Akashika unywele wa kwanza, akavuta, ukatoka na sauti ndogo ambayo hakuipenda. Aliendelea kung'oa huku akipumulia mdomoni, uso ameugeuzia dirishani, na kila mara ule mguu ulipoteleza mkononi mwake alitamani kuutupa nje na kukimbia.

Kazi yake ilikuwa kuangalia wazee majumbani mwao. Aliishi Doonside na binti yake Abigail, msichana wa sekondari aliyeelewa kila neno la Kiswahili na kujibu yote kwa Kiingereza. Siku za kazi Chepngetich alipanda treni hadi Blacktown, akabadilisha, akashuka Quakers Hill na kutembea hadi kwenye nyumba ya matofali yenye mlimau mbele. Kampuni ilimtuma amwogeshe Bibi Kwok, ahakikishe amemeza dawa, na amtembeze kidogo. Habari ya kung'oa nywele za nguruwe hakuna aliyemwambia. Lakini mzee ni mzee, na mzee akikuomba umshikie kitu, unashika.

Bibi Kwok alikuwa na miaka themanini na zaidi. Alizaliwa kijijini kusini mwa China, akakulia Hong Kong, akaja Sydney na mumewe ambaye sasa alikuwa marehemu. Kiingereza chake kilikuwa cha dukani, kifupi na kikavu, lakini alikitumia bila woga. Siku ya kwanza alimtaka Chepngetich amwite Popo, kwa kuwa ndivyo watu wa kwao wanavyomwita mama mzee kwa heshima. Chepngetich alijaribu mara moja akashindwa. Popo kwa Kiswahili ni yule mnyama anayelala kichwa chini juu ya miti, na kumwita mzee wa watu hivyo kulimfanya aone aibu mbele ya Mungu. Akabaki na "Bibi". Mzee naye alimwita Jeje, yaani dada mkubwa, kama watu wa Hong Kong wanavyowaita wasaidizi wa nyumbani, na wakaelewana hivyo.

"Jocelyn anakaribia kuzaa," Bibi Kwok alieleza siku ile ya miguu, akiponda tangawizi kwa ubapa wa kisu kikubwa. "Mwanamke akizaa, upepo unaingia kwenye mifupa. Tangawizi inautoa. Siki inatoa nguvu kwenye mfupa wa nguruwe, yeye anainywa. Mayai ni ya furaha. Kazi hii ni ya mama yake." Akaponda kipande kingine. "Mama yake hayupo. Basi ni yangu."

Jocelyn alikuwa mjukuu wake, mtoto wa binti yake aliyefariki. Bibi Kwok ndiye aliyemlea, katika nyumba hiyohiyo. Sasa alikuwa ameolewa na anaishi Westmead.

"Na si yeye tu," mzee aliendelea. "Kila ndugu lazima apelekewe bakuli. Ndugu asiyepata bakuli hajaambiwa kwamba mtoto amezaliwa."

Chungu chenyewe kilikuwa cha udongo, kikubwa kama ndoo, kwa maana siki hula sufuria. Ndani yake mlikuwa na siki nyeusi tamu, nzito kama molasi, na tangawizi nyingi kiasi kwamba Chepngetich alidhani mzee amekosea. Hakikupikwa siku moja kikaisha. Kilichemshwa, kikaachwa kilale, kikachemshwa tena, wiki baada ya wiki, kikisubiri mtoto. Harufu yake haikuwa harufu ya chakula. Ilikuwa ukali unaoingia puani na kutulia nyuma ya macho, kisha chini yake unafuatia utamu mzito wa kitu kama sukari iliyoungua, na chini kabisa ile miguu. Iliingia kwenye mapazia. Iliingia kwenye mazulia, kwenye sare ya Chepngetich, kwenye nywele zake zilizosukwa. Alipofika nyumbani, Abigail alifungua dirisha kwanza ndipo akamsalimu.

"Mum, you stink."

"Ni kazi hiyo, mama. Ndiyo inakulisha."

Baya zaidi ni kwamba Bibi Kwok hakumruhusu kutoka mikono mitupu. Kila alipomaliza zamu alikabidhiwa kibakuli cha plastiki chenye kifuniko, kwa mikono miwili, naye akakipokea kwa mikono miwili kama alivyofundishwa. Siku moja mlikuwa na mchele wa kunata uliofungwa kwenye majani, na katikati yake pande la mafuta ya nguruwe limelala kama sabuni iliyolowa. Siku nyingine mlikuwa na mayai ya bata yaliyokaa kwenye chokaa na majivu hata ute ukawa mweusi unaong'aa na kiini kikawa kijani, yenye harufu ya choo cha shule wakati wa likizo. Alipolikata moja kuangalia ndani, alikimbilia sinki. Siku nyingine tena ilikuwa matumbo.

Kutupa chakula hakuweza, mama yake hakumlea hivyo. Alikipeleka kwa jirani, Balthazar, Mkongo aliyeendesha lori la makontena kutoka Port Botany na ambaye hakujua maana ya kukataa sahani.

"Dada Chep, ile yai nyeusi iko muzuri!" Balthazar alimwambia juu ya ua. "Nilikula na bugari, ile ugali ya kwetu. Watoto walikimbia, mimi nikabaki na zote. Ulete tena."

Na kesho yake, Bibi Kwok alipouliza, "Chakula kilikuwaje?" Chepngetich alijibu, "Kilikuwa kitamu sana, Bibi." Kampuni ilisisitiza adabu kwa wateja. Aliona hiyo ndiyo adabu.

Kitu kimoja alikifanya kwa moyo. Hakuwahi kurudisha kibakuli kitupu. Nyumbani kwao chombo cha jirani kinarudi na kitu ndani, hata kama ni chumvi, la sivyo umemtukana mwenye chombo. Alikirudisha na sukuma wiki ya bustanini kwake, au chapati mbili. Safari moja alikijaza mursik, maziwa ya mgando aliyoyatengeneza mwenyewe, yaliyotiwa unga wa mkaa wa mti hata yakawa na rangi ya majivu. Bibi Kwok alikoroga kwa kidole, akanusa, akanywa funda moja. Uso wake wote ukajikunja kuelekea katikati. Alikwenda kwenye sinki akatema, akasukutua, akatema tena, akarudi akiwa ameshika kifua.

"Jeje! Hii imeoza!"

"Haijaoza. Ndivyo ilivyo."

"Mnawapa watu hii?"

"Tunawapa wageni wa heshima."

Mzee, machozi ya ukali wa maziwa yakiwa bado machoni, akaanza kucheka bila sauti, mabega yakitikisika. Lakini alipotulia alishika kile kibakuli akakizungusha mikononi.

"Wewe unajua," alisema. "Unarudisha na kitu. Nani alikufundisha?"

"Mama yangu."

"Mama mzuri."

Jocelyn alijifungua msichana mwishoni mwa Julai. Habari ilipofika, Bibi Kwok alivaa sweta yake nyekundu na kuingia jikoni kama mtu anayekwenda vitani. Miguu mingine ikatiwa chunguni. Mayai yakachemshwa, yakamenywa, yakazamishwa kwenye siki hadi yakageuka kahawia kama jino bovu. Mengine yalipakwa rangi nyekundu, maganda yakiwa bado juu. Chepngetich alichota ule mchuzi kwa upawa na kuugawa kwenye vibakuli, akiona vipande vya ngozi vikitetemeka na kunatana, na mara mbili ilibidi atoke kibarazani kuvuta hewa. Hata hivyo aliona jinsi mzee alivyochagua. Kipande kizuri zaidi cha kila mguu, chenye nyama na mfupa laini, kilikwenda kwenye kibakuli kikubwa cha Jocelyn.

Aliyekuja kuvichukua alikuwa Terence, mtoto wa kiume wa Bibi Kwok, daktari wa meno, mtu msafi aliyenukia sabuni. Hakuingia zaidi ya mlangoni. Alisimama pale akipumua kidogo kidogo.

"Unajua hatakiwi kupika?" alimwambia Chepngetich.

"Anapika nikiwepo. Moto nauzima mwenyewe."

Terence alitabasamu, akavibeba vibakuli hadi kwenye gari, akavipanga juu ya plastiki aliyokuwa ameitandika tayari. Bibi Kwok alisimama dirishani hadi gari likapotea.

Zamu ya Chepngetich iliisha muda mfupi baadaye. Alipitia njia ya mkato nyuma ya maduka kuelekea stesheni. Kabla hajaona kitu, alisikia harufu, ile siki, ile aliyokuwa amekaa nayo wiki nyingi, lakini sasa ikiwa nje, mahali ambapo haikuwa na haki ya kuwapo. Akainua macho. Gari la Terence liliegeshwa kando ya pipa kubwa la taka la maduka. Mwenyewe alikuwa amevaa glavu za buluu, zile za kazini kwake. Alifungua kifuniko cha kibakuli, akageuza uso, akamwaga. Akatupa kibakuli nacho. Akachukua kingine. Mchuzi mweusi uliteremka ubavuni mwa pipa. Yai moja jekundu lilimponyoka, likaviringika kwenye lami, naye akalipiga teke likaingia chini ya pipa.

Kile kibakuli kikubwa alikimwaga cha mwisho.

Chepngetich alikuwa ameshikilia mkoba wake kifuani. Alimwona Terence akivua glavu, akijifuta kila kidole kwa karatasi yenye maji, kisha akinusa vidole vyake na kukunja pua. Gari likaondoka. Yeye alibaki akitazama chini ya pipa, pale lile yai lilipokuwa limekaa kwenye maji machafu, ganda limepasuka. Alitapika kando ya ukuta.

Zamu iliyofuata, simu ya mezani ililia, na Bibi Kwok akaiweka kwenye kipaza sauti kwa kuwa masikio yake yalikuwa mabovu. Alikuwa Terence. Aliongea Kikantoni, na mzee, akiwa na furaha, akamtafsiria Chepngetich vipande vipande.

"Jocelyn amemaliza vyote! Amekunywa hadi mchuzi. Na shangazi yake wa Eastwood anasema tangawizi ya mwaka huu ni kali, nzuri."

Ile sauti ya Terence ilikuwa laini, ya upole, sauti ya mtu anayemwambia mgonjwa kwamba haitauma. Chepngetich alishikilia ukingo wa meza. Kama angetupa akanyamaza, labda angemwelewa, wangapi wanatupa. Lakini kuketi mahali, ukatunga shukrani, ukaweka maneno mdomoni mwa mama aliyetoka kujifungua! Alimchukia. Kisha, bila kutaka, alikumbuka sauti yake mwenyewe ikisema, "Kilikuwa kitamu sana, Bibi," na akahisi mdomo wake mwenyewe una uchafu.

Siku zikapita. Bibi Kwok alikuwa akingoja vibakuli vyake. Kwao pia, chombo cha zawadi kinarudi na kitu: bahasha ndogo nyekundu, peremende, hata konzi ya mchele. Havikurudi. Kila Chepngetich alipofungua mlango, mzee aliuliza kama kuna kitu barazani. Baadaye akaacha kuuliza. Akaacha kuvaa sweta nyekundu. Asubuhi moja Chepngetich alimkuta ameketi kitandani bila kuwasha taa, macho yamevimba kwa kulia.

"Wamenichoka," alisema. "Hata Jocelyn. Nilimlea, hajui kurudisha bakuli."

Chepngetich alimwosha mgongo. Mafunzoni walikuwa wameambiwa: mambo ya familia ya mteja si yako. Jioni alimweleza Balthazar juu ya ua, na Balthazar, ambaye hucheka karibu kila jambo, hakucheka.

"Chakula ya mama mwenye amezaa? Alikitupa?" Akatema mate kando. "Huyo si mutu, dada. Kwetu hata adui haguse ile sahani."

Ijumaa iliyofuata, Bibi Kwok akiwa bafuni, simu ikalia, na Chepngetich akaipokea. Ilikuwa sauti ya mwanamke kijana, nyuma yake mtoto mchanga akilia.

"Ni Jocelyn hapa. Bibi anaendeleaje? Mjomba alisema mikono yake imezidi kuuma, kwamba safari hii hakuweza kupika. Niliogopa kupiga simu, nisije nikamfanya ajisikie vibaya." Akasita. "Mwambie si kitu. Nilikuwa nangoja tu ile siki. Ni ujinga. Niliingoja miezi yote."

Mjomba. Kwa akina Chepngetich, mjomba ndiye anayesimama mama wa mtu anapokuwa hayupo. Maneno yake yana uzito wa baraka.

"Alipika," Chepngetich alisema. "Alipika kwa wiki nyingi. Ngoja, usikate."

Lakini Jocelyn alikuwa amekwisha kuanza kulia, na mtoto naye anazidi, na simu ikakatika.

Chepngetich alimvalisha Bibi Kwok, akamketisha jikoni, akamwekea chai. Kisha akaketi mbele yake, jambo ambalo hakuwa akilifanya akiwa kazini.

"Bibi, nina maneno mawili. La kwanza ni langu. Mimi sili nguruwe. Dini yetu inakataza. Chakula chako chote nilimpa jirani. Nilikudanganya kwamba nimekula."

Mzee alimkazia macho. "Jirani alikula?"

"Alikula chote. Aliomba tena."

"Hakutupa?"

"Hata mfupa hakutupa."

"Basi, kimeliwa," Bibi Kwok akasema. "La pili?"

Chepngetich alimwambia. Alimwambia njia ya nyuma ya maduka, pipa, glavu, na simu ya Jocelyn. Alitumia maneno rahisi ili asilazimike kurudia. Alipomaliza, Bibi Kwok hakulia. Alikuwa akitazama mikono yake mwenyewe, iliyokuwa bado na weusi wa siki kwenye kucha.

"Na mayai?" aliuliza.

"Na mayai."

Mzee akainuka, akaenda kwenye chungu, akafunua. Kilikuwa bado nusu. Siki ya namna ile haiharibiki, inangoja. Akawasha moto.

Walikwenda Westmead Jumatatu. Chepngetich aliwapigia simu ofisini kusema anamtoa mteja matembezini, na hakusema ni matembezi ya wapi. Vibakuli walivipanga kwenye kigari cha sokoni cha Bibi Kwok, isipokuwa kikubwa, ambacho mzee hakukiamini kwenye magurudumu. Chepngetich alikipakata ndani ya treni. Kilikuwa cha moto mapajani mwake. Kifuniko hakikukaza vizuri, na kila treni ilipoyumba, tone la mchuzi wa nguruwe lilimdondokea kwenye sare. Kijana mmoja alihama kiti. Mama mmoja alijiziba pua kwa skafu, akamtazama Chepngetich kana kwamba yeye ndiye amefanya jambo lisilo la staha. Chepngetich alishika kibakuli kwa nguvu zaidi. Bibi Kwok aliketi kando yake, mgongo umenyooka, amevaa sweta yake nyekundu.

Jocelyn alifungua mlango akiwa na nywele timutimu na mtoto begani. Alinusa. Kisha akamkabidhi Chepngetich yule mtoto kama vile wanajuana miaka mingi, akachukua kibakuli, na akala akiwa amesimama pale ukumbini, kwa vidole, mchuzi ukimteremka kidevuni. Bibi Kwok alimfuta kwa kiganja na kumkemea kwa Kikantoni, naye Jocelyn akaitikia huku mdomo umejaa.

Alipokwisha kula na kusikia yote kutoka kwa Bibi ndipo alipomwita mjomba wake kwa simu.

Terence alifika akiwa bado na nguo za kazini. Alivinusa vibakuli tangu mlangoni, akaelewa. Macho yake yalikwenda kwanza kwa Chepngetich.

"Hii si kazi yako," alimwambia.

"Ni kweli," Chepngetich alijibu, mtoto akiwa bado mikononi mwake. "Kutupa chakula cha mzazi nako si kazi ya mtu yeyote."

"Nilikuwa nawakinga," alisema, akimgeukia Jocelyn. "Chungu kinakaa jikoni wiki kwa wiki. Mayai yanaelea humo. Nani anakula vile siku hizi? Unanyonyesha. Ungeugua je?"

"Ungeniambia hivyo. Ningeamua mwenyewe. Kwa nini ulisema hakupika?"

"Kwa sababu ungekataa, na Bibi angelia."

"Amelia," Jocelyn akasema. "Amelia peke yake."

Kulikuwa na kelele baada ya hapo, nyingi kwa lugha ambayo Chepngetich hakuielewa, na Bibi Kwok hakushiriki hata moja. Alikuwa jikoni. Alirudi na bakuli la kaure, lililojaa, mguu mzima umejitokeza juu na yai kando yake. Akaliweka mezani. Akavuta kiti. Akamwonyesha mwanawe kwa kidevu.

Terence alisema kitu kwa sauti ya chini. Mama yake akaketi upande wa pili, mikono juu ya meza, akangoja.

Terence akala. Ilichukua muda mrefu, kwa sababu alikuwa akikata vipande vidogo na kuvimeza bila kutafuna, jasho likimtoka juu ya mdomo. Kila alipoweka kijiko chini, mzee alikitazama kile kijiko mpaka kikainuliwa tena. Chepngetich alidhani atamwonea huruma. Alimtazama yule mtu mzima mwenye mikono misafi, akimeza ngozi ya nguruwe kwa macho yaliyolowa, na hakuona huruma mahali popote moyoni mwake. Aliona kinyaa tu, safi na baridi, cha aina ambayo haikuwa na uhusiano wowote na nguruwe. Terence alipomaliza mchuzi, mama yake akachukua bakuli, akaenda kuliosha.

Wiki hiyohiyo Terence alipeleka malalamiko kwa kampuni: mfanyakazi amemsafirisha mama yake bila idhini. Chepngetich aliitwa, akaonywa, akahamishiwa kwa mzee mwingine, mwanamume mpole wa Marayong aliyekula mkate na jamu asubuhi, mchana na jioni. Alisema na nafsi yake kwamba amepumzika. Nguo zake zilinukia sabuni. Abigail akaacha kufungua dirisha.

Lakini Bibi Kwok hakuwafungulia mlango wengine waliotumwa. Alisimama nyuma ya pazia akitikisa kichwa hadi wakaondoka. Mmoja alijaribu kwa siku tatu. Jocelyn akapiga simu, akapiga tena, na mwisho kampuni, ambayo haikupenda mteja asiyeoga, ikamrudisha Chepngetich.

Alikuta ndugu, waliopelekewa vibakuli na Jocelyn, wamekwisha kupita. Shangazi wa Eastwood alikuwa ameleta machungwa. Vibakuli vilikuwa juu ya friji, kila kimoja na kitu ndani. Jikoni, Bibi Kwok alikuwa akikaanga kuku kwa mafuta ya ufuta na tangawizi. Alimwekea tu sahani.

"Hapana nguruwe," alisema. "Nimenunua sufuria mpya. Kula."

Chepngetich alikula. Tangawizi ilikuwa kali mno, na ngozi ya kuku ilikuwa laini kwa namna ambayo hakuipenda, lakini alikula chote. Alipoulizwa kilikuwaje, alisema, "Tangawizi imezidi, Bibi." Mzee alisema Waafrika hawana ulimi.

Mwezi wa tisa, katika majira yale Wachina wanapopelekeana keki za mwezi, za sherehe ya mwezi mpevu, Chepngetich alikuwa akitoka langoni alipomkuta Terence ameegesha. Alikuwa na boksi mbili za bati, nyekundu na dhahabu, za bei. Akamnyooshea moja, kwa mikono miwili.

"Yaliyopita yamepita," alisema kwa ile sauti yake ya upole. "Chukua. Ni zawadi."

"Zina mafuta ya nguruwe?"

Terence aliligeuza boksi, akaanza kusoma maandishi madogo ubavuni, akatafuta jibu, hakulipata. Chepngetich alitazama vidole vyake vikipita juu ya bati, kucha zimekatwa vizuri sana.

"Mpelekee mama yako," alisema. "Zote mbili. Na uketi ule naye."

Terence aliitikia kwa kichwa. Treni ya Chepngetich ilikuwa karibu, na kama angeikosa angechelewa Blacktown na kuikosa ya Doonside pia. Chepngetich hakuondoka. Alisimama kando ya lango, mkoba begani, hadi alipomwona amebisha mlango, mlango umefunguliwa, na boksi zote mbili zimeingia ndani.